Safari ya Ulaya kwa treni ya Kilosa: mfuko ujue kituo cha mwisho

Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, ipo kata inayoitwa Ulaya. Iko kwenye njia itokayo mjini Kilosa kuelekea Mikumi, na kwenda huko hakuhitaji pasi wala viza. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo, safari ya upande huo imekuwa jambo ambalo hata mwenye duka dogo la Kariakoo anaweza kulifikiria kwa siku mbili za mapumziko.

Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba treni ya haraka haiongezi akili ya haraka katika matumizi ya fedha. Msafiri wa mara ya kwanza hutazama nauli ya treni akaona safari nzima ni rahisi, na mwekezaji mdogo hutazama msongamano wa abiria stesheni akaona kila kiwanja cha Kilosa ni dhahabu. Wote wawili wanafanya kosa moja: wanahesabu kipande cha kwanza cha safari na kusahau cha mwisho.

NAULI NI MWANZO TU

Kwa viwango vilivyotangazwa na mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro, shilingi 16,000 hadi Mkata, shilingi 18,000 hadi Kilosa na shilingi 31,000 hadi Dodoma. Watoto wa miaka 4 hadi 12 walipangiwa nusu ya nauli. Kwa viwango hivyo, mtu mzima mmoja anakwenda Kilosa na kurudi kwa shilingi 36,000. Kabla ya kukata tiketi msafiri aulize kama viwango havijabadilika, maana bei ya mwaka jana hailipi tiketi ya leo.

Jambo la pili ni aina ya treni. Treni ya haraka haisimami kila kituo. Anayekwenda Kilosa ni lazima ahakikishe kwamba treni aliyokatia tiketi inasimama Kilosa kwenda na kurudi, vinginevyo atapitishwa mbio hadi Dodoma akiwa ametazama mahandaki manne ya Kilosa kupitia dirishani. Tiketi hukatwa kwa jina na kitambulisho, na treni ya umeme haina desturi ya basi la Msamvu ya kumngoja abiria anayekimbia na mfuko kichwani. Ukichelewa, umeachwa.

Jambo la tatu ni mizigo. Behewa la abiria si lori. Mfanyabiashara aliyezoea kurudi na gunia la vitunguu na mikungu miwili ya ndizi asome masharti ya mizigo ya shirika la reli kabla ya kununua. Dawa yake ni rahisi: msafiri asafiri na begi moja, na mzigo usafirishwe kwa lori kwa gharama iliyokwisha kuhesabiwa kwenye bei ya kununulia.

KILOSA AU MOROGORO?

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Kwenye ramani, mji wa Kilosa unaonekana kuwa mlango wa Mikumi, kwa kuwa vyote viko wilaya moja. Lakini ramani haioni matope wala haihesabu mabasi.

Barabara ya Kilosa hadi Mikumi inayopita Ulaya ina urefu wa kilomita zaidi ya 70, na kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya changarawe na udongo. Kwa upande mwingine, Morogoro hadi Mikumi ni kama kilomita 120, yote lami, kwa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia. Abiria akishuka kituo cha treni cha Morogoro anakwenda stendi ya Msamvu, na hapo mabasi ya Iringa, Mbeya na Ifakara yote hupitia Mikumi.

Kwa hiyo ushauri ni huu. Mwenye shabaha ya kuona wanyama tu ashuke Morogoro. Anaokoa shilingi 5,000 za tofauti ya nauli kila upande na, lililo kubwa zaidi, anapata usafiri wa kuunganisha bila kukodi gari peke yake. Mwenye shughuli Kilosa mjini, Kimamba, Rudewa au Ilonga ashuke Kilosa. Na anayetaka vyote viwili aingie kwa Kilosa na kutokea Morogoro, baada ya kuulizia hali ya barabara ya Ulaya siku mbili kabla. Asirudi njia ile ile kwa sababu tu ya kuikumbuka.

Kituo cha Mkata nacho kina mtego wake. Jina lake ni la uwanda wa Mkata, ambao ndio maarufu kwa wanyama ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Mtu asishuke hapo kwa kuvutwa na jina, kama hana gari lililokubaliwa kumngojea.

Gari la kukodi linahitaji hesabu ya vichwa. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba gari la siku moja limekubaliwa kwa shilingi 240,000. Watu sita wakichangia, kila mmoja anatoa shilingi 40,000. Wakiwa wawili, kila mmoja anatoa shilingi 120,000, yaani zaidi ya mara tatu ya nauli yake ya treni kwenda na kurudi. Safari ya Mikumi inakuwa rahisi au ghali kutokana na idadi ya watu kwenye gari moja, wala si kutokana na treni. Wanachama wa VICOBA, wafanyakazi wa ofisi moja, au familia mbili za mtaa mmoja wana faida ambayo mtu mmoja mwenye fedha nyingi hana.

NDANI YA HIFADHI

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu inaikata kwa kiasi cha kilomita 50, na abiria wa basi huona swala, nyani na wakati mwingine tembo na twiga bila kulipa kiingilio. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba wamekwisha kuiona Mikumi. Wameona uzio wa nyumba na kudhani wamelala ndani.

Kiingilio cha raia wa Tanzania ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kutoka nje. Kwa hiyo tatizo la Mtanzania kwa kawaida si kiingilio. Kinachomshinda ni gari, chumba na chakula. Aende na kitambulisho, kwa kuwa bila hicho hawezi kudai bei ya raia. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, kwa simu au kwa kadi, wala si kwa noti mkononi mwa mtu langoni. Na gari nalo hulipiwa, jambo ambalo wengi hulisikia wakiwa tayari langoni.

Muda wa kuingia nao ni fedha. Wanyama huonekana vizuri asubuhi mapema na jioni, wakati wa jua kali hujificha vivulini. Anayefika saa sita mchana na kutoka saa tisa amelipa kiingilio kizima kwa saa mbovu. Afadhali kulala mji mdogo wa Mikumi na kuingia alfajiri. Majira nayo yanahusika: miezi ya Juni hadi Oktoba ni ya kiangazi, nyasi zimepungua na wanyama hukusanyika kwenye maji. Wakati wa mvua baadhi ya njia za ndani, zenye udongo mweusi unaonata, hazipitiki, na dereva mwaminifu atakuambia hivyo kabla ya kupokea fedha.

Kwa wenye magari binafsi, mwendo ndani ya hifadhi una kikomo na mabango yanaonyesha faini ya kugonga mnyama, aina kwa aina. Faini ya mnyama mkubwa inaweza kumaliza mtaji wa duka. Kupita hapo usiku kwa haraka ya kuwahi Iringa ni kuuweka rehani mtaji huo bila sababu.

SOMO KUTOKA MTO RHINE

Ulaya yenyewe, ile ya ng'ambo, ina biashara kubwa ya kuwazungusha watalii mitoni kwa meli, hasa kwenye mito ya Rhine na Danube. Msafiri hulipia kitita kimoja: chumba, chakula na matembezi ya miji inayopitiwa. Wanaokwenda mara ya kwanza hushauriwa kuuliza swali moja kabla ya yote: ni nini kimo ndani ya bei na ni nini kiko nje? Vinywaji, bakshishi, na baadhi ya matembezi vinaweza kuwa nje.

Swali la pili ni la maji. Mwaka 2018, na tena mwaka 2022, ukame uliupunguza mto Rhine kwa kiasi kikubwa. Meli za mizigo zilipunguza shehena, na baadhi ya meli za watalii hazikuweza kupita, abiria wakahamishiwa kwenye mabasi. Waliosoma mkataba walijua mapema kwamba mwenye meli alijipa haki ya kubadili njia. Wasiosoma walibaki kulalamika.

Kilosa ina swali hilo hilo la maji, ila kwa upande wa pili. Huko Rhine maji yalipungua, Kilosa yanazidi. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliufanya mto Mkondoa uvunje kingo zake, ukaingia mjini, ukawaacha maelfu bila makazi na kuiharibu reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe kiasi cha kusimamisha safari kwa miezi. Januari 2014 mafuriko yakarudi wilayani, safari hii upande wa Magole na Dumila, na daraja la Dumila kwenye barabara ya Morogoro hadi Dodoma likakatika mawasiliano. Reli mpya imejengwa kwa kuinuliwa na kwa madaraja mengi zaidi. Lakini barabara ya msafiri kutoka stesheni, na nyumba ya wageni atakayolala, bado ziko chini pale pale.

Kwa msingi huo, anayepanga safari ya kati ya Desemba na Mei aweke akiba ya siku moja na nauli ya njia mbadala. Na anayeuziwa safari ya kitita na wakala, iwe ya Mikumi au ya Danube, atake maandishi yenye majibu matatu: kilichomo, kisichokuwemo, na fedha zitarudije njia ikifungwa. Wakala anayekataa kuandika amekwisha kujibu.

WANAONUNUA VIWANJA

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi kwa wasomaji wenye akiba ndogo. Popote reli inapopita, madalali hutangulia. Mtu hushuka Kilosa mara ya kwanza asubuhi, huonyeshwa kiwanja saa nne, na jioni anarudi Dar es Salaam akiwa na karatasi iliyopigwa muhuri na mwenyekiti. Amenunua asichokijua, kwa mtu asiyemjua, kwa bei iliyopangwa na matumaini yake mwenyewe.

Historia ya Kilosa inatosha kumwonya. Reli ya kwanza ilifika hapo mwaka 1909, wakati wa Wajerumani. Ilileta mashamba ya katani, na Kimamba ikawa na maduka na shughuli nyingi. Bei ya katani ilipoporomoka duniani kutokana na nyuzi za viwandani, maduka yalipungua na reli ikabaki pale pale. Reli inapitisha mali. Kinachoamua kama mali itabaki ni kazi inayofanyika mahali penyewe.

Mwenye nia ya kununua ardhi afanye mambo manne. Kwanza, aone eneo hilo wakati wa masika, au angalau awaulize wazee maji ya mwaka 2009 yalifika wapi. Pili, ajue kama ni ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, ardhi hiyo haigawiwi na mwenyekiti peke yake. Kuna halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Tatu, athibitishe kwa maandishi kwamba eneo haliko ndani ya hifadhi ya reli wala ya barabara. Nne, alale Kilosa usiku mmoja. Mji una sura moja mchana na nyingine usiku, na mwenye kuupenda mchana tu asiuwekee akiba ya maisha.

Wanunuzi wa mazao nao wana mtego wao. Kilosa ni wilaya ya mahindi, mpunga, mbaazi, ufuta na, upande wa Malolo, vitunguu. Anayekwenda mara ya kwanza aulize ofisi ya halmashauri kama zao analotaka linauzwa msimu huo kwa stakabadhi ghalani, maana kulinunua kichochoroni kunaweza kumaanisha kupoteza mzigo wote. Aulize pia kiwango cha ushuru wa mazao na kibali kinachotakiwa njiani, na adai risiti. Na lumbesa iachwe: ni kinyume cha sheria ya vipimo, inamwibia mkulima, na inamtia mnunuzi hatiani kwenye kizuizi cha kwanza.

FAIDA IKO WAPI?

Kama si kwenye viwanja, mwekezaji mdogo aelekee wapi? Jibu liko kwenye shida za msafiri zilizotajwa hapo juu. Kila mahali msafiri wa kwanza anapokwama ndipo pana biashara.

Anakwama stesheni bila gari la kuunganisha. Basi dogo moja lenye leseni ya LATRA, linalojua saa za treni na kutangaza nauli yake wazi, lina soko kabla ya nyumba ya ghorofa kuwa nalo. Anakwama bila chumba safi chenye maji na chandarua. Anakwama bila chakula cha uhakika chenye bei ubaoni. Anakwama bila mtu wa kumkusanyia abiria wenzake watano ili gari lijae. Kazi hizi zinahitaji mtaji mdogo, na fedha yake hurudi kila wiki badala ya kungoja miaka kumi kiwanja kipande bei. Wanaotaka kuingia biashara ya kuwatembeza watalii hifadhini wakumbuke kwamba ina leseni yake, TALA, na gari lisilo nayo ni kesi inayotembea.

Mikumi mjini hali ni tofauti kidogo. Mji huo umekuzwa na barabara, siyo reli ya umeme. Madereva wa malori ya Zambia na Kongo na abiria wa mabasi ndio waliojenga nyumba zake za wageni na mabanda ya chakula, na pale ndipo inapochepuka barabara ya Kidatu na Ifakara, kwenye miwa na mpunga. Abiria wa Dodoma, awe kwenye basi au kwenye treni, hapiti Mikumi. Wa Iringa na Mbeya bado anapita. Mwenye biashara hapo ajue ni wateja gani anaowategemea kabla ya kukopa benki kuongeza vyumba.

Zaidi ya hayo, mwekezaji mdogo asijenge hesabu zake juu ya fedha za mradi wa mtu mwingine. Mradi wa kukuza utalii wa kusini, REGROW, ambao Mikumi ilikuwa mojawapo ya hifadhi zake nne, ulipangiwa dola za Marekani milioni 150 na Benki ya Dunia mwaka 2017. Mwaka 2024 fedha zake zilisimamishwa, na mwishoni mwa mwaka huo mradi ukafutwa, kufuatia malalamiko ya wananchi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha. Aliyekopa kwa kutegemea wageni wa mradi huo alibaki na deni, na benki yake haikufutwa.

La msingi, kwa hiyo, ni utaratibu. Safari ya kwanza iwe ya macho na daftari: kila shilingi iandikwe, kuanzia bodaboda ya nyumbani hadi kituo cha treni, nauli, gari, kiingilio, chumba, chai na bodaboda ya kurudi. Safari ya pili iwe ya maswali kwa wenyeji na ofisi husika. Fedha ya mtaji ipande treni safari ya tatu, ikiwa daftari limeruhusu. Waswahili walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.